Pawamita siku ya mashindano: mambo ya kuzingatia kabla hujapanga mstari

Wapo wanaofunga pawamita, kile kifaa cha kupima nguvu ya mwendesha baiskeli, Ijumaa jioni, na Jumapili asubuhi wako mstarini wakiitegemea iwaongoze kilomita 120. Fedha waliyotoa si haba, kwa hiyo wanaamini kioo cha kompyuta ya baiskeli kitawaambia ukweli. Lakini namba inayotokea pale ni nzuri kwa kadiri ya maandalizi ya wiki tatu au nne zilizotangulia. Asiye na maandalizi hayo heri asikilize pumzi zake, kuliko kuifuata namba asiyojua imetoka wapi.

Inatoka kwenye chuma. Ndani ya krenki (mkono unaoshika pedeli), pedeli au kiungo kinachoshika gia za mbele hubandikwa vihisi vidogo vinavyopima jinsi chuma kinavyopinda unapokanyaga. Jicho halioni mpindo huo. Kifaa huugeuza kuwa nguvu ya kuzungusha, kikaizidisha kwa kasi ya miguu yako, ndipo zinapopatikana wati. Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha kampuni ya SRM mwaka 1986 kwa wazo hilo, na vifaa vingi vya leo bado vinafuata njia ileile. Uzuri wake ni kwamba wati hazina hisia. Mapigo ya moyo hupanda kwa joto, kwa kahawa, hata kwa kumwona mpinzani wako wa mwaka jana, na tena huchelewa: ukianza kukimbiza mtu, moyo hujibu baada ya sekunde nyingi. Ubaya nao umo humohumo. Chochote kinachogusa chuma kinagusa namba.

Cha kwanza basi ni kujua kizingiti chako, yaani wati unazoweza kuzishika kwa takriban saa nzima. Wengi hawajipimi saa nzima. Hupasha mwili moto vizuri, huendesha dakika 20 kwa nguvu zote kwa mwendo ulio sawa, kisha huchukua asilimia 95 ya wastani. Ukipata 253, kizingiti ni kama 240. Jaribio hili lifanye kwa kifaa kilekile utakachokwenda nacho kwenye mashindano. Watengenezaji wengi wanadai usahihi wa asilimia 1 hadi 2 juu au chini, maana yake pawamita mbili zisizo na kasoro zinaweza kutofautiana wati 9 hivi kwenye kizingiti hicho. Kwa hiyo namba ya baiskeli ya rafiki yako, au ya ile ya mazoezi ya ndani kule jimu, usiibebe kwenda nayo mstarini.

Mahali pa kujipimia pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, mji ulio kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, Tadej Pogačar akashinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Urefu wa njia na vilima vyake vilichangia, na hewa nyepesi nayo ikatoza ushuru wake. Mwendeshaji wa Mombasa au Dar es Salaam mwenye kizingiti cha 240 pale nyumbani hanacho hicho akipanda Nairobi au Kigali, hasa siku za mwanzo kabla mwili haujazoea. Asilimia kadhaa huondoka. Mimi ningepanga mbio kwa 225 na kuacha 240 ibaki pwani. Mtu wa Iten akishuka pwani naye ana kesi yake: oksijeni ipo tele, ila joto na unyevu vitamfanya alipie wati zilezile kwa mapigo mengi zaidi. Afike mapema, au apunguze matarajio.

Sasa mipangilio, sehemu inayochosha na ndiyo inayoharibu mbio nyingi. Ikiwa kifaa chako ni cha pedeli, lazima ukiambie urefu wa krenki. Ukikiachia milimita 175 wakati krenki zako ni za 170, kitakuzidishia karibu asilimia 3, na 240 yako itasomeka 247. Utafurahi mazoezini. Kama ni cha upande mmoja, kumbuka kwamba kinapima mguu wa kushoto na kuzidisha mara mbili. Mwenye mguu wa kushoto unaofanya asilimia 48 ya kazi atasoma 230 wakati kwa kweli anatoa 240, na miguu ikichoka mgawanyo huo unaweza kubadilika. Hilo halikifanyi kifaa kisifae. Kinafaa sana kwa kujilinganisha na nafsi yako, lakini usilinganishe wati zako na za mwenzako.

Gia za mbele zenye umbo la yai ni mtego mwingine. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimchezo na David Kinjah, alishambuliwa kwa maneno na kushukiwa kutumia dawa katika Tour de France ya 2015 baada ya kuwaacha wenzake kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin. Timu yake ikatoa takwimu: pawamita ilisoma wastani wa wati 414, na baada ya kukata asilimia 6, kwa sababu gia zake hazikuwa za mviringo na ziliifanya isome juu, ikabaki 5.78 kwa kila kilo ya mwili. Ikiwa timu tajiri namna ile ilihitaji kufanya hesabu hiyo, na wewe uliyebadilisha gia mwezi uliopita rudia jaribio la kizingiti.

Je, utajuaje kama kifaa kinasema kweli? Tafuta kilima unachokijua kimo chake. Tuseme wewe na baiskeli, nguo na chupa mna kilo 69, na kilima kinakupandisha mita 100 kwa wima. Kuinua uzito huo peke yake ni jouli 67,700 hivi. Ukipanda kwa dakika sita bila upepo wa mgongoni, mvutano wa dunia tu umekula wastani wa wati 188, na juu yake kuna hewa, matairi na mnyororo. Pawamita ikikuonyesha 175, inadanganya, hata risiti ya dukani iseme nini. Jaribio hili halina gharama, nami naliamini kuliko maneno ya muuzaji.

Wiki ya mashindano usibadilishe kitu. Pedeli au krenki zikishafunguliwa kwa ajili ya safari, zikaze kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, halafu endesha na kupiga mbio fupi fupi za nguvu mara kadhaa ili zikae sawa kabla ya kurudisha sifuri, yaani kukifunza kifaa kusoma sifuri kisipokanyagwa. Betri bapa za CR2032 weka mpya siku chache kabla, na uzijaribu, kwani bandia zimejaa sokoni. Za akiba, ukisafiri kwa ndege, zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kurudisha sifuri ni kama muuza nyama anavyotazama mzani kabla ya kuweka mnofu: bila hilo, kila kipimo kinachofuata kina shaka. Asubuhi ya mbio toa baiskeli nje dakika 15 hadi 20 kabla, chuma kipate joto la hapo. Baiskeli iliyotoka kwenye gari lililoegeshwa juani haina halijoto ya barabarani, na vihisi hupotoshwa na tofauti hiyo, ingawa vifaa vipya vingi hujirekebisha kwa kiasi. Isimamishe wima, mguu usiguse pedeli, kisha fuata maelekezo ya kifaa chako. Iangalie namba ya sifuri inayotokea. Ikiwa iko mbali sana na ya siku zote, kuna kilicholegea.

Kuunganisha pawamita na kompyuta kufanyike nyumbani, ukiwa peke yako. Mstarini kuna vifaa mia vinavyotuma mawimbi. Ukianza kutafuta pale, kompyuta yako inaweza kunasa pedeli za jirani, na utaendesha mbio nzima kwa wati za mtu mwingine. Kwenye kioo nisingeweka mengi: wastani wa sekunde tatu, wastani wa kipande cha njia, muda uliobaki kabla ya kula. Hakikisha wastani wa wati unahesabu na sifuri za mteremkoni. Soma pia kanuni za mbio zako. Barabarani UCI, shirikisho la baiskeli duniani, inaruhusu kioo, ila uwanjani, kwa mfano kwenye rekodi ya saa moja, mwendeshaji haruhusiwi kuziona takwimu zake.

Mpango wenyewe uandike mapema, uubandike kwenye fremu ukiweza. Katika mbio dhidi ya saa na kwenye kilima kirefu, kazi kubwa ya pawamita ni kukuzuia. Dakika kumi za mwanzo damu inachemka, 280 inaonekana nyepesi mno, na deni lake hudaiwa kwenye dakika ya arobaini. Andika ukomo wa robo saa ya kwanza, tuseme 235, na uutii hata kama mtu anakupita. Ndani ya kundi mambo ni mengine kabisa. Kundi likitoka kona kwa wati 450, hakuna la kujadili: ufuate au uachwe, na aliyeachwa hukosa kivuli cha upepo na hulipa zaidi baadaye. Hapo inamisha kichwa, usitazame kioo.

Takwimu za mazoezi zikusaidie pia kupanga chakula. Ukitoa wastani wa wati 180 kwa saa nne, umefanya kazi ya kilojouli 2,600 hivi, na kwa kuwa misuli hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto, mwili unakuwa umeunguza karibu kilokalori idadi hiyohiyo. Gramu 60 za wanga kwa saa ndipo pa kuanzia. Ndizi mbivu ya kadiri ina kama 25. Fanya hesabu hiyo ukiwa jikoni.

Jambo la mwisho ni kuendesha bila kioo. Pedeli hupondeka kwenye ajali, betri hufa, na ukipata pancha baiskeli ya akiba unayopewa inaweza kukosa pawamita. Katika wiki za maandalizi, ziba sehemu ya wati kwa kipande cha karatasi, panda kilima chako ukikisia, kisha ukifika nyumbani linganisha kisio na rekodi. Ukikosea kwa zaidi ya wati 20, rudia wiki inayofuata.