Namna ya Kuajiri Makocha kwa Busara katika Out of the Park Baseball

Katika ligi za mtandaoni za Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta wa kuendesha timu za besiboli ulioanzishwa na Mjerumani Markus Heinsohn mwishoni mwa miaka ya 1990, timu huongozwa na watu halisi, na msimu unapokwisha wote huwania makocha walewale. Wako wanaotumia wiki nzima kujadiliana kuhusu kubadilishana wachezaji, kisha wakalijaza benchi la ufundi kwa dakika chache. Huo ni uzembe wenye gharama, kwa sababu kocha mmoja hugusa maendeleo ya wachezaji wote walio chini yake, ilhali mshahara wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa mrushaji mpira mmoja wa kutegemewa.

Kabla ya kutoa ofa yoyote, soma kanuni za ligi yako, kwani msimamizi wa ligi anaweza kuuzima mfumo wa makocha au kuficha baadhi ya alama za uwezo wao. Alama zikionekana, usiongozwe na umaarufu wa kocha. Tazama uwezo wake wa kufundisha katika kazi unayomtafutia: upigaji kwa kocha wa wapigaji, urushaji kwa kocha wa warushaji, kisha namna anavyohusiana na chipukizi na wakongwe. Kocha asiye na jina lakini mwenye alama za juu za kufundisha kwa kawaida hudai fedha kidogo, na huyo ndiye wa kumkimbilia kabla wenzako hawajamwona.

Fedha za kwanza zielekeze kwenye timu za madaraja ya chini, yaani zile zinazokuza vijana wa timu yako kubwa. Mchezaji wa miaka 19 aliye daraja la wanaoanza bado ana mengi ya kujifunza, wakati nyota wa miaka 31 katika timu kubwa amekwisha kufika karibu na kilele chake, hivyo mwalimu hodari huzaa matunda zaidi pale penye vijana. Kama vipaji vyako bora vimekusanyika katika timu moja, tuseme ya AA, mojawapo ya madaraja hayo ya chini, basi hapo ndipo anapostahili kuwa mwalimu wako bora wa chipukizi. Naamini hatua hii ina faida kuliko nyingine yoyote katika kuajiri, na inasikitisha kuona timu nyingi zikiwaachia vijana wao makocha wa kubahatisha.

Linganisha pia mwelekeo wa kocha na wachezaji ulio nao. Wapo makocha wa urushaji wanaopendelea nguvu na wengine wanaopendelea ustadi wa kulenga. Vivyo hivyo kwa makocha wa upigaji, kuna anayesisitiza kuugusa mpira, anayesisitiza nguvu na anayesisitiza subira. Besiboli ya Marekani yenyewe inatoa funzo: Leo Mazzone alisifika sana alipokuwa kocha wa warushaji wa Atlanta Braves, akiwa na warushaji Greg Maddux, Tom Glavine na John Smoltz, lakini alipohamia Baltimore Orioles kwa misimu ya 2006 na 2007 mafanikio hayo hayakumfuata.

Meneja mpe uzito mdogo ikiwa mikakati ya mechi unaipanga mwenyewe, lakini mtaalamu wa tiba usimpuuze, hasa kama warushaji wako huumia mikono mara kwa mara.

Kuhusu mikataba, mfunge kwa miaka kadhaa kocha kijana mwenye alama nzuri, na mpe muda mfupi aliyezeeka, kwa kuwa anaweza kustaafu. Wale unaotaka kubaki nao, waongezee mkataba kabla haujaisha, maana wakishaingia sokoni utashindana na ligi nzima. Kwa kila nafasi iliyo wazi andaa majina matatu, kwa sababu wa kwanza huenda akachukuliwa na timu nyingine katika duru hiyohiyo ya ofa, kisha hakikisha faili la timu yako, lenye maamuzi yako, limefika kwenye seva kabla msimamizi hajasogeza kalenda.