Kulinganisha kadi za grafiki: usitazame jina tu, pima

Watu wa hapa Kampala wananiuliza sana, RTX 3060 ya Nvidia na RX 6600 ya AMD ipi kali, na mimi nauliza kwanza unaiweka wapi, dekstopu au laptopu, Windows au Linux? Jina moja si kadi moja jamani. RTX 3060 ya dekstopu iliyozoeleka ina memori ya GB 12 na inakula wati 170, ya laptopu ina GB 6 na kiwanda kinaweza kuibana hadi wati 60, ndo maana laptopu mbili zenye stika ileile zinapishana fremu, yaani picha kwa sekunde, vibaya mno.

Kupima ni hivi. Chukua gemu moja unayoicheza kweli, ikiwa na jaribio la ndani kama Cyberpunk 2077 ni bora zaidi. Weka 1080p na setingi zilezile pande zote, zima DLSS na FSR zinazoongeza fremu kwa ujanja wa programu, zima V-Sync inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini. Raundi ya kwanza tupa, gemu bado inaandaa mambo yake na itakwamakwama, halafu rudia mara tatu. Windows tumia MSI Afterburner, Linux kuna MangoHud, zote zinakuonyesha fremu, joto na wati papo hapo.

Sasa usiangalie wastani peke yake, angalia na ile 1% ya chini, yaani fremu zinafika wapi pale gemu inapokuwa nzito zaidi. Tuseme kadi moja inatoa wastani wa 80 ila inashuka hadi 35, nyingine wastani 70 na haishuki chini ya 58, mi nachukua ya pili bila kufikiria mara mbili, maana ile ya kwanza itakukwamia pale pale adui anapotokea kwenye kona.

Kwa Linux, AMD ni rahisi zaidi, draiva, zile programu za kuendesha kadi, zinakuja na mfumo wenyewe, Nvidia mara nyingi unaongeza ya kwao. Gemu nyingi za Windows zinapita kwa Proton, programu ya Valve ya kuendesha gemu za Windows ndani ya Linux, lakini Valorant na Fortnite hazikubali Linux sababu ya ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu, kwa hiyo kama ndo gemu zako usisumbuke kupima huko.

Halafu umeme. RX 6600 ni wati 132, tofauti na 3060 ni wati 38, ukicheza kwa muda wa saa nne kila siku ni kama yuniti nne na nusu za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa mwezi, si nyingi. Kinachouma ni pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Wengi wetu tunatumia zile dekstopu za ofisi zilizotumika, na mimi nilishawahi kukaa sakafuni na kadi mkononi, tundu lake la umeme la pini nane liko juu pale linanitazama, nafungua kompyuta natafuta waya wake, hamna. Muuzaji aliniambia itaingia tu. Kwa mashine kama hizo tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya au RTX 3050 ya GB 6, hiyo ni wati 70, inatosheka na umeme wa ubao mama, na kama keisi ni nyembamba hakikisha kadi ni ile ya kimo kifupi (low profile).

Kadi iliyotumika usilipe kabla haijawashwa mbele yako. Fungua GPU-Z kwanza, programu inayosoma kadi ni ipi hasa, kadi iliyobadilishwa jina mara nyingi inaiumbua, kisha cheza dakika kumi na tano huku unasikiliza feni na kuangalia kama skrini inatoa vidoti vya rangi.