Ukitaka ubunge wa jimbo Minnesota, anza na mkutano wa Februari

Mimi ni mwekahazina wa kampeni. Kazi yangu ni kupokea hundi na kusema hapana, na wanaonisikia nikisema hapana wengi ni watoto wa ndugu zetu wa Minneapolis na Brooklyn Park wanaotaka kuingia bunge la jimbo kule St. Paul. Haya ndiyo ninayowaambia.

Sifa kwanza, ni chache. Uwe raia, miaka 21, umeishi Minnesota mwaka mzima na miezi 6 ya mwisho uwe ndani ya eneo lako la uchaguzi. Uraia wa kuapishwa unatosha. Sharti la kuzaliwa raia ni la urais na makamu wake. Ada ni dola 100, na fomu hupokelewa kuanzia mwishoni mwa Mei. Ukisubiri Mei, umechelewa.

Kwa sababu mijini kwetu uchaguzi wenyewe ni wa chama cha DFL, ndio Democratic wa huku. Huanza Februari, kwenye mkutano wa mtaa ambao kila mtu anauita kokasi. Hapo huchaguliwa wajumbe, na wajumbe ndio wanaoamua baadaye chama kimuunge mkono nani. Inatakiwa asilimia 60 ya kura za wajumbe. Mwaka 2016, katika eneo la 60B, hakuna aliyezifikisha, ikabidi mambo yaamuliwe kwenye mchujo wa Agosti. Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi ya Utango karibu na Mombasa, akambwaga Phyllis Kahn aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972. Mohamud Noor alishindwa mchujo huohuo. Mwaka 2018 Ilhan alipogombea Congress, yaani bunge la taifa, Noor alirudi akakipata kiti.

Kwa hiyo jaza ukumbi wa kokasi. Watu wetu wengi wako zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee, nao hudhani hawawezi kuja. Sheria ya jimbo inamruhusu mfanyakazi kuondoka kazini kwenda kokasi, bila malipo, akimwandikia mwajiri siku 10 kabla. Waandikie hiyo barua wewe mwenyewe, wao watie sahihi tu.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo. Sisi tumezoea harambee: kikapu kinazunguka, shangazi anatia bahasha, mjomba aliye Kisii anatuma kwa M-Pesa. Ya mjomba irudishe siku hiyohiyo. Mgeni asiye raia wala hana grini kadi haruhusiwi kuchangia uchaguzi wowote Marekani, hata wa diwani. Mwenye grini kadi ruksa. Bahasha isiyo na jina ikizidi dola 20, huwezi kubaki nayo. Weka meza mlangoni, kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, na kila anayetoa aandikwe jina, anwani na anapofanya kazi. Wazee watanung'unika kwamba unawachunguza. Waache wanung'unike. Ukishakusanya au kutumia zaidi ya dola 750, una siku 14 za kujisajili kwa bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni. Ukisaini mkataba wa kikomo cha matumizi, mpiga kura wa Minnesota anayekuchangia anaweza kurudishiwa na jimbo hadi dola 75 kwa mwaka, mke na mume 150. Mpe risiti rasmi, bila hiyo harudishiwi kitu. Jambo hili pekee limenifungulia pochi nyingi kuliko hotuba yoyote.

Milango. Meneja wa jengo la magorofa akikuzuia, mwonyeshe kifungu 211B.20 cha sheria za jimbo: mgombea anayejitambulisha anaruhusiwa kuingia kufanya kampeni, na wasaidizi wake pamoja naye. Kitoe chapa, kikae mfukoni. Mlango ukifunguka nusu na mbwa anabweka, usianze na safari ya wazazi wako kutoka kambini. Yule mama anataka kujua kodi ya nyumba imepanda kwa nini. Msikilize, andika, kisha akikuuliza umetoka wapi ndipo umwambie. Na usigonge milango ya watu wa kwenu tu. Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda 38A ya Brooklyn Park Novemba 2024, na huko kuna Waliberia, Wahmong na Wazungu wa zamani tele.

Siku ya kura, asiyejisajili hujisajili palepale kituoni. Hana hati ya makazi? Jirani aliyesajiliwa kituo hichohicho anaweza kumdhamini kwa kiapo, mwisho watu 8.

Ukishinda, mshahara ni zaidi kidogo ya dola 50,000 kwa mwaka, vikao hukubana kuanzia Januari au Februari hadi Mei, na baada ya miaka 2 unarudi milangoni. Zungumza na bosi wako kabla hujachukua fomu. Tarehe za ripoti za fedha zibandike kwenye friji. Mimi nakumbusha mara moja tu.