Jengo la kale la matofali na tetemeko la ardhi: funga kwanza, imarisha baadaye

Jengo la kale la matofali ya kuchoma huwa linaanguka kwa sababu hakuna kilichoshikana na mwenzake, hata pale tofali zenyewe zikiwa nzima. Maboriti ya sakafu yameingizwa ukutani sentimita chache yakakaa kwa uzito wake tu. Kenchi zimelazwa juu ya ukuta bila bolti. Ukuta wa mbele umesimama peke yake. Ardhi ikitikisika, ukuta unaegemea nje, maboriti yanachomoka, sakafu inashuka. Ndiyo maana kumwaga zege kwenye ukuta ambao haujafungwa kwenye paa ni kuongeza uzito wa kitu kitakachoanguka.

Ukumbi wa jamii una hatari yake ya pekee: chumba kimoja kikubwa, kuta ndefu zisizo na kuta za kugawa, na mlango mkuu ambao mara nyingi uko chini kabisa ya gebo (sehemu ya ukuta yenye umbo la pembetatu chini ya paa) au pambo zito la mbele. Watu wakikimbia, wanakimbilia hapo hapo. Huko Christchurch, New Zealand, tarehe 22 Februari 2011, watu 185 walikufa, na baadhi yao waliuawa barabarani na ndani ya mabasi kwa kuangukiwa na kuta za mbele za majengo ya zamani. Lengo la kazi hii ni watu watoke wakiwa hai. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba jengo halitapata ufa.

Kabla ya kununua chochote

Mahesabu yafanywe na mhandisi wa miundo aliyewahi kushughulikia matofali yasiyo na nondo, na kibali cha mamlaka ya urithi kipatikane mapema. Mchango wako ni kumpa taarifa sahihi. Shusha timazi kila mita tatu uone ukuta umeinama au kuvimba wapi. Fungua dari sehemu mbili tatu uangalie ncha za maboriti, maana zinaoza pale zinapoingia ukutani. Kwaruza mota, yaani mchanganyiko unaoshikanisha matofali, kwa msumari: ikimomonyoka kama mchanga, hakuna bolti itakayoshika humo.

Kisha tafuta matofali yaliyolazwa kuvuka unene wa ukuta, yale yanayoonyesha kichwa badala ya ubavu. Usipoyaona kabisa, huenda ukuta una tabaka mbili zenye uwazi katikati, zilizounganishwa kwa vishikizo vya chuma. Ingiza kamera ndogo kwenye shimo la drili uviangalie. Baada ya tetemeko la Newcastle, Australia, mwaka 1989, kuta nyingi za namna hiyo zilikutwa vishikizo vyake vimeliwa na kutu. Vikiwa hivyo, tabaka la nje lishonwe upya kwa vishikizo vya chuma cha pua kabla ya hatua nyingine yoyote.

Nguvu ya mota hupimwa palepale ukutani: tofali moja linatolewa, jeki ndogo inawekwa kwenye nafasi yake, na tofali la jirani linasukumwa mpaka lisogee. Rudia sehemu kadhaa, kwa kuwa ukuta unaopigwa na mvua hautoi jibu moja na ule uliokingwa.

Mota

Jointi zilizooza, yaani mistari ya mota kati ya matofali, zijazwe kwanza, kwa sababu bolti zote zitategemea ukuta huo. Chimba kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa jointi, kwa tindo. Grinda hukata kingo za tofali. Lowesha, kisha jaza kwa mota ya chokaa, takriban chokaa moja kwa mchanga mbili na nusu hadi tatu, kwa tabaka nyembamba zilizoshindiliwa. Funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa. Usitumie saruji tupu. Ni ngumu kuliko tofali la zamani na inafungia maji ndani, kwa hiyo baada ya misimu michache uso wa tofali unabanduka huku saruji imebaki nzima.

Vinavyoning'inia juu

Katika kufunga, anzia juu. Dohani isiyotumika ishushwe hadi chini ya paa, au ijengwe upya kwa umbo lile lile kwa kitu chepesi. Parapeti, yaani ukuta mfupi unaopanda juu ya paa, ambayo kimo chake kinazidi mara moja na nusu ya unene wake ifungwe kwa mihimili ya chuma iliyoinama kuelekea kwenye mbao za paa, na mbao hizo nazo ziimarishwe. Gebo ifungwe kwenye kenchi kwa kufuata mteremko wake wote. Bolti moja kileleni haitoshi.

Bolti za ukutani

Hapa ndipo kazi inapoharibika. Bolti ziwekwe usawa wa paa na wa kila sakafu, nafasi kati yake isizidi mita 1.8, na ya kwanza isiwe mbali na kona kwa zaidi ya sentimita 60.

Bolti inayopenya ukuta mzima na kukazwa nje juu ya bamba la chuma ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Bamba litaonekana, lakini majengo mengi ya kale yana mabamba ya nyota ya aina hiyo tayari. Pale ambapo uso wa nje hauruhusiwi kuguswa, fimbo ya chuma yenye hesi hugundishwa kwa gundi ya epoksi kutoka ndani. Toboa shimo likiinama chini nyuzi 22.5, ili fimbo ikate kozi (safu za matofali) kadhaa badala ya kulala ndani ya jointi moja. Zima mpigo wa nyundo kwenye drili, uzungushe tu: mpigo hupasua tofali la nyuma bila wewe kuona. Puliza vumbi, sugua kwa brashi ya duara, puliza tena, mpaka hewa itoke bila wekundu. Ingiza soksi ya wavu, ijaze gundi kuanzia ndani kuja nje, kisha sukuma fimbo ukiizungusha. Gundi lazima ichungulie mdomoni. Bila soksi, gundi inapotelea kwenye uwazi kati ya matofali na fimbo inabaki imeshikwa nchani tu.

Vuta kwa jeki angalau bolti moja kati ya kila 20, na zisipungue mbili. Ikichomoka huku gundi imevaa koti la vumbi jekundu, shimo halikusafishwa, na mashimo yote ya fundi huyo siku hiyo yanatiliwa shaka.

Sakafu na paa

Bolti ikiishia kwenye boriti moja, boriti hiyo itang'oka pamoja na ukuta. Maboriti yanapokwenda sambamba na ukuta, weka vipande vya mbao kati yake na mkanda wa chuma uvuke maboriti matatu au manne. Juu ya mbao za zamani pigilia plaiwudi, misumari ikikaribiana zaidi kwenye kingo, kwa kawaida milimita 100 hadi 150, na 300 katikati. Kingo zote ziwe na mbao chini yake. Kama sakafu ya juu ni nzuri ya kuhifadhiwa, plaiwudi inaweza kufungwa chini, upande wa dari.

Kuta zenyewe

Ukuta mrefu na mwembamba wa ukumbi hupewa nguzo za chuma kwa ndani, zikifungwa ukutani kila baada ya kozi chache na kushikwa juu na chini. Upande wenye milango mipana huhitaji fremu ya chuma, na fremu hiyo iwe ngumu vya kutosha: ikinyumbuka kupita kiasi, matofali yanapasuka kabla haijaanza kubeba mzigo. Zege la kupuliza lina nguvu, lakini haliondoleki tena na huzuia ukuta kupumua. Kwenye jengo la urithi liwe chaguo la mwisho.

Kabla dari haijafungwa, piga picha kila bolti na kila mkanda, andika namba kwenye mchoro, na nakala ibaki ndani ya jengo. Paka mikanda rangi nyekundu, ili fundi bomba au wa umeme atakayepanda huko baadaye asiikate.