Kumpeleka mtoto mdogo mbugani Nakuru: usimwahidi ndovu

Nimefundisha chekechea miaka 27 hapa Nakuru, na Mbuga ya Ziwa Nakuru nimeingia na watoto wa shule, watoto wa ndugu, sasa wajukuu. Kwa hivyo nianze na kosa la nyumbani kwangu. Mwanangu alimwahidi Kimani, mjukuu wangu wa miaka mitano, kwamba ataona ndovu. Nakuru hakuna ndovu. Vifaru wapo, nyati wapo, simba na chui wapo, lakini ndovu hakuna, na mbuga imezungushiwa ua wa nyaya, kwa hivyo hawezi hata kupita njia tu. Tangu tukiwa Lanet, njiani kwenda mbugani, mtoto anauliza, "Shosho, ndovu amelala?" Mwambie mtoto mnaenda kuona nani yuko nyumbani leo. Basi.

Lipeni ada kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, usiku wa kuamkia safari, kwa sababu langoni pesa taslimu hazipokelewi, na kuhangaika na simu mkiwa na watoto ndani ya gari ni kuharibu asubuhi. Beba kitambulisho, na cha mtoto beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Muwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nne jua linachoma, wanyama wanatafuta kivuli, na mtoto naye anaanza kukorofika. Saa sita mmetoka. Najua mmelipia siku nzima, na nafsi inauma, lakini mtoto hajui risiti.

Watu hupenda kukodi van ya kufunguka paa. Paa lile ni la watu wazima. Mtoto wa miaka mitano akisimama pale anaona mgongo wa babake na kipande cha mawingu. Sisi tulikodi Noah ya jirani, kijana wa kutoka Soy upande wa Eldoret, akaendesha mwenyewe, nami nikakunja blanketi mbili nikaziweka kwenye kiti cha dirishani. Macho ya Kimani yakawa usawa mmoja na ya ngiri.

Kuhusu haja ndogo: choo ni langoni na kwenye vituo vya kupumzikia, na katikati hamruhusiwi kushuka. Vichaka vya mbugani vina wenyewe. Nilibeba kopo la mafuta la kilo mbili lenye kifuniko, mkaza mwanangu akacheka. Kufikia saa mbili hakuwa anacheka tena.

Sasa nyani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto huumizwa, na mara nyingi ni sisi wakubwa tunaosababisha. Juu ya Baboon Cliff mnaruhusiwa kushuka mtazame ziwa lote. Jina la mahali limeshakwambia. Tukashuka, mimi nikiwa nimekataza chakula, lakini Kimani alikuwa na andazi kwenye mfuko wa sweta, na mkono ukaenda mfukoni. Nyani dume akatoka nyuma ya gari. Hakukimbia. Alitembea polepole kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, akakaa hatua moja kutoka kwa mtoto, akanyoosha mkono. Niliona vile vidole vyeusi, kucha kama zetu kabisa, vikigusa kifundo cha mkono wa mjukuu wangu. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Kimani, achilia." Akaachilia. Nyani akachukua, akanusa, akala pale pale akitutazama, makombo akayaokota moja moja.

Angeng'ang'ania, habari ingekuwa nyingine. Kwa hiyo mfundishe mtoto nyumbani kabla ya safari, kwa mchezo: mmoja awe nyani, mwingine ashike ndizi, na neno likisemwa, ndizi inaachwa. Rudieni mpaka mkono uachilie wenyewe. Mwambie pia asimkenulie nyani meno, maana kwao meno si tabasamu, na asikimbie. Mkubwa amsogeze mtoto nyuma yake, kisha mrudi garini taratibu. Chakula kiliwe ndani, milango na vioo vikiwa vimefungwa, hata kama joto linawasumbua. Na tafadhali, anayewarushia nyani maganda ya ndizi ili apige picha ndiye anayewafundisha kupapasa mifuko ya watoto wa wengine.

Pale pale juu ndipo niliokolewa na pimbi. Walikuwa kama sita wameanika matumbo kwenye mwamba, wadogo kama sungura. Nikamwambia Kimani, huyu ndiye ndugu wa ndovu. Akaniangalia kama mtu mwongo. Lakini ni kweli, wataalamu wanawaweka kwenye ukoo mmoja. Kwa bahati mmoja akapiga mwayo, yakaonekana meno mawili ya juu yaliyochongoka. "Ana pembe!" Ndovu akasahaulika.

Dereva wetu naye alipata wake. Twiga wa Nakuru ni wale wa Rothschild, miguu yao chini ya goti haina madoa, kama wamevaa soksi nyeupe za shule. Nilipomwambia kwamba waliletwa hapa mwaka 1977 kutoka Soy, kijana alizima gari, akafungua kioo akawasalimia kwa Kikalenjin.

Usimuulize mtoto jina la mnyama kama mtihani. Muulize anafanya nini. Kwa swali hilo Kimani aliona ngiri akipiga magoti kula nyasi, akaona kuro ana matako meupe kama aliyekalia unga wa ugali. Kwa vifaru nilimpa kazi ya kuangalia mdomo: mweusi mdomo wa juu umechongoka wa kushikia majani ya vichaka, mweupe mdomo ni mpana wa kukatia nyasi. Tulimwona mweupe na ndama. Ndama alitangulia, mama nyuma. Kifaru haoni vizuri lakini anasikia na kunusa sana, kwa hiyo hapo tunanong'ona. Kimani alinong'ona hadi tukafika lango la kutokea.

Wanjiru, dadake wa miaka tisa, alikuja na picha ya kitabuni ya ziwa la waridi, akakasirika kuona flamingo wachache na ndege mwari wengi. Mtoto wa umri huo anastahili sababu. Flamingo mdogo hula mwani wa kijani, mdogo mno, unaomea kwenye maji ya magadi. Ziwa lilipofura miaka ya karibuni, maji matamu yakayazimua magadi, chakula kikapungua, wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Nikamwonyesha migunga iliyokufa imesimama majini, nikamwambia lango kuu la zamani pia lilimezwa. Akanyamaza akihesabu miti.

Mtoto akiogopa, usicheke. Nyati dume mzee, matope yamemkaukia mgongoni, alisimama kando ya barabara akatukazia macho, na Kimani akaingia chini ya kiti. Babake akacheka. Mimi nilikuwa nimeweka sheria tangu langoni: Kimani akimgusa dereva begani, gari linaondoka bila maswali. Akagusa, tukaondoka. Kwa nyati wa pili akagusa tena. Kwa wa tatu mkono ulifika begani ukarudi, akasema, "Huyu anatafuna tu."

Simba hatukumwona. Tuliambiwa yuko juu ya mti upande wa Nderit, tukafika tukakuta mti.

Walio Kisumu wasianzie mbali. Hifadhi ya Impala iko kando ya Ziwa Victoria, ni ndogo, mtoto anatembea kwa miguu yake na swala pala wako karibu. Somo la tumbili na chakula ni lile lile. Mkitaka kuona viboko pale ufuo wa Dunga, mtoto avae jaketi la kuokolea kabla hajakanyaga mtumbwi, na jioni msizurure ufuoni, maana hiyo ndiyo saa ya kiboko kutoka kwenda malishoni.

Jioni mpe mtoto karatasi na rangi kabla hajalala, na usimwelekeze. Kimani alichora gari letu, pimbi wenye pembe, na mimi nikiwa na kopo. Kifaru hayumo. Nyani yumo, na andazi amelichora kubwa kuliko gari.