Saa ya nani hiyo? Kusoma tarehe kwenye barua pepe zilizonukuliwa

Ukijibu barua pepe kwa Gmail, juu ya nukuu huwekwa mstari wa namna hii:

On Sat, Mar 29, 2025 at 12:40 AM … wrote:

Saa ipo, lakini haisemwi ni saa ya wapi. Ni ya kompyuta ya anayejibu, si ya aliyeandika mwanzo. Outlook na Thunderbird nazo kwa kawaida hufanya hivyo hivyo. Kati ya Dar na Nairobi haina neno. Akiingia mtu wa London au Muscat, ubishi unaanza.

Hatua ya 1: Usihukumu kwa mstari wa nukuu

Tuseme ni Januari, mtu wa London amekuandikia saa 09:00 ya kwao, yaani 12:00 Nairobi. Unamjibu baada ya dakika 20, na programu yako inaandika kwamba yeye aliandika 12:00. Naye akikujibu, yake inaandika kwamba wewe uliandika 09:20. Anayesoma mazungumzo yote baadaye anakuta swali la 12:00 limejibiwa 09:20! Hakuna aliyechezea kitu. Mstari wa nukuu ukishaandikwa ni maandishi tu. Hakuna programu inayorudi kuupigia hesabu upya.

Hatua ya 2: Fungua kichwa cha ujumbe wenyewe

Kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza nukta tatu kando ya ujumbe, kisha chagua kuonyesha ujumbe asilia (Show original). Kwenye Thunderbird ni Ctrl+U. Mistari ya juu utakayoiona hapo ndiyo kichwa cha ujumbe. Tafuta mstari huu:

Date: Fri, 28 Mar 2025 21:40:12 +0000

Kama ulichonacho ni nukuu tu, mwombe mwenye ujumbe wa kwanza akutumie kama kiambatisho. Akikupelekea kwa njia ya kawaida, utapata kichwa cha barua yake yeye.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tarakimu za mwisho (hapo juu +0000) zinaonyesha tofauti kati ya saa iliyoandikwa na UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo. Ondoa tofauti hiyo upate UTC, kisha ongeza 3 upate saa ya Afrika Mashariki. Hapo juu, 21:40 inakuwa 00:40, usiku wa kuamkia Jumamosi. Kama zabuni ilifungwa Ijumaa saa sita usiku kwa saa za Nairobi, mtumaji amechelewa dakika 40, hata kama kwake London bado ilikuwa Ijumaa saa 3:40 usiku.

Angalia pia msimu. Uingereza ilisogeza saa mbele tarehe 30 Machi 2025, tofauti na sisi ikashuka kutoka saa tatu hadi mbili. Na +0000 si ushahidi kwamba mtu yuko London. Seva nyingi huandika hivyo popote zilipo.

Mstari wa Date huandikwa upande wa mtumaji, kwa hiyo kompyuta yenye saa mbovu itaandika saa mbovu. Penye mzozo wa kweli, soma mistari ya Received, ambayo huongezwa na seva ujumbe unazopitia. Wa juu kabisa ndio wa mwisho kuandikwa, na umewekwa na seva ya upande wako. Mimi huuamini huo kuliko maneno ya mtu yeyote.

Hatua ya 4: Tia alama kwenye majibu yako

Thunderbird inakuruhusu. Fungua kihariri cha usanidi (Config Editor), kilicho chini kabisa ya mipangilio ya jumla, tafuta mailnews.reply_header_ondateauthor na uandike:

Tarehe #2 #3 (EAT), #1 aliandika:

Hapo #1 ni jina, #2 tarehe, #3 saa, na EAT ni kifupi cha saa ya Afrika Mashariki (East Africa Time). Ukiwa Kenya, Uganda au Tanzania alama hiyo ni sahihi mwaka mzima, maana hatusogezi saa. Ukisafiri na kompyuta ikabadili eneo lake, ifute.

Kwa Gmail sijui njia fupi zaidi ya hii: fungua nukuu kabla ya kutuma, uandike EAT kwa mkono mbele ya saa.