Kuziba boti ya faiba isibanduke tena

Kiraka changu cha kwanza kilibanduka siku ya nne, boti ikiwa mbali na pwani. Tulirudi tukikumba maji kwa kopo la rangi. Nilikuwa nimemwaga rezini tele, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, juu ya faiba inayong'aa, nikidhani wingi ndio uimara.

Sikuijua faiba. Ni kama ukuta wa udongo: fito ndizo zinazobeba, udongo unazishika tu. Kwenye boti, fito ni nyuzi za kioo na udongo ni rezini. Rezini peke yake ikikauka hupasuka kama sahani. Nyuzi peke yake hukunjika kama kanga.

Kwa hiyo anza na kusaga. Osha chumvi kwa maji yasiyo ya bahari, acha pakauke kabisa, kisha kata sehemu yote iliyopondeka. Kwa grenda, saga ukingo wa tundu uwe mteremko mrefu: unene wa ubavu mara 12. Ubavu wa milimita 6 unataka mteremko wa sentimita 7 kila upande. Utaona unaharibu boti zaidi. Saga tu, maana kiraka kipya hakiungani na faiba ya zamani kama kitu kimoja. Kinashika kwa gundi, na gundi inataka eneo pana lenye mikwaruzo. Vaa barakoa, vumbi lile ni kioo.

Ndani ya tundu egemeza ubao uliofunikwa nailoni.

Mati, yaani shuka la nyuzi za kioo, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ikishalowa rezini, hutoa kama milimita 1 kwa tabaka, basi kwa ubavu ule wa milimita 6 kata vipande sita, kila kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Mati nyuzi zake zimetawanyika, huvumilia mvuto wa pande zote. Kitambaa cha kusuka kina nguvu zaidi, ila kwa mwelekeo wa nyuzi zake tu. Ukikitumia, kiweke katikati ya mati. Kuna wanaoniuliza kuhusu faiba ya kaboni badala ya kioo. Ni nyepesi na ngumu, lakini ni ghali, na ikigusa alumini kwenye maji ya bahari, alumini inalika.

Pima mati kwenye mizani: rezini iwe mara mbili ya uzito wake, au zaidi kidogo. Hadena, dawa ya kukausha rezini, kwa joto letu la pwani, mililita 10 hivi kwa kilo moja ya rezini. Ukizidisha itachemka ndani ya kopo. Na linda macho, tone moja la hadena linaweza kukupofusha.

Lowesha, bandika, kisha pitisha rola mpaka weupe wote upotee. Weupe ni hewa. Usiongeze rezini pale panapotaka rola.

Kesho yake gonga kiraka chote kwa sarafu. Panapotoa mlio mkavu pameshika. Panapotoa mlio mzito, kama papai bovu, pana hewa. Saga hapo uanze upya.